Kituo chenye Milango Saba

Ukitaka kumchekesha Elisée, mwambie Kampala ni mji mkubwa. Atakuuliza una reli ngapi chini ya ardhi. Huyu bwana, mkimbizi kutoka Butembo, Kongo, anayekaa mtaa wa Bukoto, ndege anaiona ikipita juu tu kama sisi wengine, lakini metro ya mji mmoja mkubwa wa Ulaya anaijua kuliko watu waliozaliwa kule. Jina la mji huo silitaji. Alitia sahihi karatasi kwamba hatalitaja popote, na sitaki mdomo wangu ummwagie mtu unga.

Ndiyo kazi yake. Mtaa wa Nakasero, ghorofa ya tatu, kuna chumba chenye meza kumi na nane, na wanaokaa kwenye meza hizo ni Wakongo watupu kwa ajili ya Kifaransa chao. Kule Ulaya, kwenye kila jukwaa la treni, ukutani pana kisanduku cha bluu chenye kitufe. Abiria akipotea anabonyeza, anauliza njia, na anajibiwa kwa upole na sauti ambayo yeye anadhani iko hapo juu ya ngazi. Kumbe sauti iko Kampala na imeshiba rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai mawili! Hata Elisée, siku ya kwanza alipoelezwa, aliuliza kama huu si utapeli.

Baada ya miezi mitatu alikuwa fundi. Alijua laini zote kwa rangi zake. Alijua ngazi ipi ya umeme imekufa tangu Jumatatu, lifti ipi ina harufu, na behewa gani upande ili ukishuka ujikute mbele ya ngazi unayoitaka. Akina mama wenye vigari vya watoto aliwapitisha njia ambazo hata walinzi wa kule walizisahau. Na huyo huyo, ukimtuma soko la Owino kununua shati, anaingilia upande huu anatokea upande ule, anaanza kuuliza watu barabara iko wapi. Rafiki zake walimcheka mpaka wakachoka.

Masharti ya kazi yalikuwa mepesi kuyasema. Kazini yeye si Elisée, ni Étienne. Lugha ni Kifaransa, basi. Mteja haulizwi habari zake binafsi. Kila neno linarekodiwa, na supavaiza, dada mmoja Mkenya aitwaye Whitney, anaweza kuingia kusikiliza wakati wowote. Elisée hakuwahi kukosea hata mara moja, kwa sababu nyumbani alikuwa amebaki peke yake wa kumtazama mama.

Alibaki peke yake kwa sababu kaka yake, Pitshou, alikufa. Aliondoka Kampala miaka minne iliyopita, akapitia Sudani, akaingia Libya, na kila alipofika alituma ujumbe. Halafu kimya. Halafu miaka miwili iliyopita rafiki aliyekuwa naye akapiga simu akilia: mtumbwi ulipinduka baharini, Pitshou alikuwa miongoni mwa walioenda chini. Wakaweka matanga siku tatu pale Bukoto, hakuna jeneza, ni picha tu juu ya kiti. Mama yao, Mama Emérence, alivaa nyeusi siku hiyo na hajaivua. Anauza sombe, majani ya muhogo, kwa Wakongo wenzake, anatwanga mwenyewe, na weusi wake mwilini.

Sasa sikiliza. Jumanne moja, saa nne asubuhi, taa ya Elisée iliwaka. Kituo kilichoita ni kile kibaya kuliko vyote, chenye milango saba ya kutokea. Hapo ukikosea mlango unatupwa ng'ambo ya uwanja wa reli, na kuzunguka kwa miguu ni nusu saa nzima. Wenyeji wenyewe hulia pale.

"Étienne hapa, nikusaidie nini?" alisema kwa Kifaransa chake cha kazini.

Alisikia mtu anahema, na mtoto analia karibu na kisanduku.

"Hospitali ya watoto," yule mtu alisema, kwa Kifaransa pia. "Nitokee wapi? Mtoto ana homa, ameshikwa na degedege mara mbili ndani ya treni."

"Nikuitie ambulensi?"

"Hapana! Hapana. Nionyeshe njia tu."

Elisée aliijua sauti ya watu wa namna hiyo, watu wanaoogopa kila anayevaa sare. Hakubishana naye. Alifumba macho, akakiona kituo kizima kama mtu anavyoiona sebule ya kwao.

"Kipe kisanduku mgongo, uende kulia."

"Kulia, kulia."

"Panda ngazi ya pili, siyo ya kwanza."

"Ya pili, ya pili."

Hapo Elisée akamkumbuka kaka yake. Utotoni kule Butembo, mama akimtuma Pitshou dukani, kijana alikuwa akienda njia nzima anasema peke yake chumvi, chumvi, kiberiti, kiberiti, asije akasahau, na majirani walimwita Kasuku. Lakini watu wangapi duniani wanarudia maneno? Elisée alijikaripia kimoyomoyo. Akaendelea.

"Ukifika juu utakuta ukumbi wa mviringo. Lipite duka la maua."

"Maua, maua."

Mtoto akapiga ukelele. Yule mtu akageuka kando na kisanduku, akasema kwa Kiswahili, taratibu kabisa: "Emérence, mama, usilie. Tunafika, mama. Tunafika."

Banange! Jamani! Wakongo wanaosema Kiswahili wako tele Ulaya, sawa. Lakini wenye mtoto anayeitwa Emérence? Wenye sauti ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, ambayo alilala nayo kitanda kimoja miaka kumi na mbili? Huyu ni mtu waliyemlilia. Huyu ni mtu waliyemwombea misa. Mungu wangu, maiti inauliza njia!

Neno lililobaki kusemwa lilikuwa moja. Baada ya duka la maua njia inagawanyika. Ya kushoto inakupeleka mlango wa sita, na hospitali iko mbele yako, unavuka barabara umefika. Ya kulia inakutupa ng'ambo ya reli. Alitakiwa kusema "kushoto, mlango wa sita," na kazi imekwisha. Mdomo haukumngoja.

"Yaya Pitshou," alisema kwa Kiswahili, kama wanavyowaita wakubwa wao. "Yaya, ni mimi. Ni Elisée."

Treni ikaingia upande wa pili, ikapiga breki, ikaondoka.

"Mumekosea mutu, bwana," sauti ilijibu. Ilijibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwao, cha Butembo, hakuna ubishi.

Kisha viatu vikikimbia, na kilio cha mtoto kikienda mbali, mbali zaidi, kikaisha.

"Kushoto!" Elisée alipiga kelele. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Yaya, kushoto! Mlango wa sita! Kushoto!" Alikuwa analipigia kelele jukwaa tupu. Meza kumi na saba zilimgeukia, na kule Ulaya wateja wao wakawa wanasema alo, alo.

Whitney alifika mbio. "Wewe, Elisée, nini hii? Unaongea Kiswahili na mteja?"

"Ni kaka yangu."

"Kaka gani?"

"Yule aliyekufa."

Whitney alikuwa amechangia yale matanga. Alikuja na sukari na unga, akakaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Aliduwaa. Akavaa zile spika za masikioni, akairudisha sauti, akasikiliza. Akairudisha tena.

"Tumpigie," Elisée alisema. "Dada Whitney, tafadhali, tumpigie."

"Tumpigie nani? Kile kisanduku kinapiga tu, hakipokei. Hakuna namba." Akajifuta macho kwa kiganja. "Na mimi lazima niandike ripoti, unajua hivyo. Nenda nyumbani. Usije mpaka nikuite."

Elisée alipanda boda. Mshtuko ukiisha huacha kitu nyuma yake, na kwake uliacha hasira. Yu hai! Anakula mkate, anapanda metro, ana mtoto, na mama yake anatwanga sombe amevaa nyeusi! Labda alipata karatasi kwa jina la mtu mwingine na anaogopa zitanyang'anywa. Labda anaona haya, maana kiwanja cha baba ndicho kilichouzwa ili asafiri. Labda lolote. Ujumbe mmoja tu, wa maneno mawili, "ni mzima," ungemwua? Alimtukana kaka yake kutoka Nakasero mpaka Bukoto, mwenye boda akadhani anatukanwa yeye.

Njiani alipanga pia namna ya kumwambia mama, polepole, kwa sababu ya presha. Alipomwona ameinama juu ya kinu mipango yote ikayeyuka.

"Mama, Pitshou hakufa. Nimeongea naye leo."

Mama Emérence aliuacha mchi ukasimama wenyewe ndani ya kinu. Elisée akajiweka tayari kumdaka. Mama hakuanguka. Alikaa juu ya kigoda, mikono yake imejaa majani ya kijani mpaka kwenye viwiko.

"Sauti yake?" aliuliza.

"Yake. Na ana mtoto. Amempa jina lako."

Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Alitikisika mabega bila kutoa sauti, kwa muda mrefu, na Elisée akashindwa kumtazama. Badala yake akayamwaga yote.

"Lakini amekukana, mama! Nimemwita kwa jina, nikamtajia langu, ananiambia nimekosea mtu! Miaka miwili unavaa hivi, na yeye—"

"Mtoto alikuwa na nini?"

"Homa. Anasema degedege, mara mbili, anampeleka hospitali. Mama, huyo mtu ametuona wajinga—"

"Hospitali walifika?"

"Hunisikii ninachosema?"

"Nakusikia vizuri sana. Nakuuliza, walitoka kwenye hilo shimo?"

Tangu saa nne Elisée hakuwa amejiuliza swali hilo hata mara moja.

"Sijui," alisema. "Alikimbia kabla sijamaliza. Ilibaki kona moja."

"Kona gani?"

"Ya kushoto. Akienda kulia anapotea. Anatokea mbali, ng'ambo ya reli."

"Wewe ulikuwa unaijua hiyo kona?"

"Naijua, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Sasa ukaacha kumwambia kona, ukamwambia nini?"

"Nikamwita jina lake."

Mama alisimama, akamchapa kofi. Mtu wa miaka thelathini na mmoja, mchana kweupe, majirani wanaona. Alikuwa hajawahi kumpiga tangu walipovuka mpaka, na majani ya sombe yalibaki yamemganda shavuni.

"Ungemtoa kwanza!" alisema, na sasa ndipo alipoanza kulia kwa sauti. "Angenikana mara mia, Elisée, ni mwanangu, angenikana tu. Ungemtoa kwanza!"