Alizeti Kwenye Bastola ya Mzee Mughwai

Jumanne, Machi 14, 2023. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua imekatika lakini mabati ya ghala bado yanadondosha maji. Anselm Mughwai amesimama mlangoni na bastola mkononi. Hatua kumi mbele yake wako watu watatu wenye mapanga. Anavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ili risasi iingie. Haiji. Anavuta tena. Imeganda.

Pembeni, mlinzi mwenzake Sixbert anainua mkono kujikinga. Panga linashuka.

"Vidole viwili," anasema Mughwai leo, akiwa amekaa uani kwake Mwankoko. "Vya mkono wa kulia, mkono wa kulia ugali. Na mimi nimeshika chuma hakina kazi, kama mtu aliyeshika mwiko."

Mughwai ana miaka 58, mgane, shule aliishia darasa la nne. Kwa miaka kumi na moja alilinda ghala la mbolea na alizeti huko Iguguno kwa mshahara ambao mwisho wake ulikuwa shilingi 170,000. Wiki tatu baada ya uvamizi, kampuni ya ulinzi ilimpa barua ya kumwachisha kazi. Sababu: uzembe wa kutunza silaha kwa kuipaka mafuta ya kupikia.

"Kupaka nilipaka, sikatai," anasema. "Waulize sasa ilikuwaje nikapaka."

Mwanzoni kituo kilikuwa na bastola kuukuu zenye ngozi ya kijivu. Ukizipapasa zinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mughwai hajui rangi ile inaitwaje kiwandani, lakini anajua kazi yake: ule ukwaruzo ulishika mafuta, na kutu haikupata pa kuingilia. Ilikuwepo pia moja nyeupe ya nikeli, inang'aa kama kijiko cha harusi. Nayo ilivumilia, mpaka ilipoangushwa kwenye zege ikachubuka.

Kisha zikachukuliwa zote.

"Wakazipeleka mjini, kwenye maofisi yenye viyoyozi. Sisi tunaokula vumbi la mbolea tukaletewa mpya zilizopakwa rangi nyeusi, kama geti. Mbolea ina chumvi, bwana. Ikipata unyevu inatafuna chuma. Mtu aliyekaa ofisini atalijua wapi hilo?"

Ndani ya miezi minne rangi ilibanduka kila mahali slaidi iliposuguana na mkoba wa ngozi wa kiunoni. Mughwai akaomba mafuta ya silaha mara tatu. Mara ya tatu msimamizi wa mkoa alikuja mwenyewe na gari lake, akacheka mbele ya walinzi sita.

"Mzee Mughwai, uko Singida unalia shida ya mafuta? Pakeni alizeti."

Walinzi nao wakacheka. Kesho yake wakapaka. Mkubwa akisema, hata kama ni kwa mzaha, nani atarudi kumuuliza kama alimaanisha?

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Mkewe, Marietha, alikuwa fundi cherehani. Desemba 2022 alimkuta mumewe akijaza mafuta kwenye kichupa cha dawa.

"Baba Janeth, hayo yakikaa kwenye chuma yanakuwa gundi. Umesahau cherehani yangu ilivyokufa?"

"Bosi ndiye amesema."

"Huyo bosi wako amewahi kushona?"

Mughwai alifunga kichupa, akaenda kazini. Januari presha ikamchukua Marietha. Machi slaidi ikaganda.

"Nilimsikiliza mwenye gari nikamwacha mwenye cherehani," anasema.

Sasa uani kwake kuna waya uliofungwa kati ya nguzo mbili. Vimening'inia vipande vya chuma alivyotafutiwa na Deo, fundi wa kuchomelea wa Utemini: kimoja kimepakwa rangi nyeusi, kimoja cha nikeli kilichokatwa kwenye usukani wa baiskeli, kimoja cha kijivu kilichookotwa kwenye vyuma chakavu. Kila Jumamosi anavisugua kwa kipande cha ngozi, kama mkoba ulivyosugua bastola, kisha anavifunga kwa kitambaa kibichi chenye mbolea.

"Shikamoo, mzee," anaita jirani yake, Yunisi, akipita na ndoo. "Sisi viazi tumeshaanua, michembe yako ya chuma haijakauka tu?"

"Marahaba. Hii haikauki, mama. Inaoza."

Cha rangi kimeshajaa magamba. Cha nikeli kinang'aa, ila pale kilipochubuliwa kutu imepita chini kwa chini, ngozi imevimba. Cha kijivu kina madoa mawili tu.

Halafu anatoa vyuma viwili vilivyolaliana, alivyovipaka alizeti na kuviacha juani miezi miwili. Anampa mwandishi.

"Vitenganishe."

Havitengani.

"Na hapo hujashikiwa panga."

Shauri lake la kazi dhidi ya kampuni limeahirishwa mara mbili. Siku likiitwa atavibeba vyuma hivyo kwenye mfuko aliokuwa akiwekea vitambaa Marietha, na Sixbert ameahidi kwenda naye. Mughwai hadai kurudi kwenye kituo kile. Anataka neno "uzembe" lifutwe, kwa sababu kila anakoomba kazi wanataka kuona barua yake ya mwisho, na wakishaisoma wanamrudishia na bahasha yake.

Sixbert hamlaumu. Akija kumsalimia humpa mkono wa kulia hivyo hivyo, na vidole vyake vitatu. "Tulikuwa sita tuliosikia, Mzee Mughwai," humwambia. "Mimi nitasema nilichosikia."

Binti wa Mughwai, Janeth, amemwandikia barua ile ile kwenda kwa kampuni mara tatu. Ni fupi. Mughwai ameikariri, huisema akiwa amepakata vyuma vyake mapajani:

"Mimi niliyepaka niliandikiwa uzembe. Aliyesema tupake aliandikiwa nini?"