Wembe Atafuta Begi Lenye Mkanda

Ni asubuhi, na mwanamume mrefu wa makamo anatembea sokoni na mchanga mgongoni. Ni mchanga kweli. Mama anayeuza mabegi ya mitumba ameushindilia ndani ya mfuko wa turubai, na kila mpagazi anayekuja kununua begi hutumbukiziwa mfuko huo ndani ya begi analolijaribu na kuambiwa atembee hadi kwa kinyozi na kurudi.

Mwanamume anakwenda, anarudi, anavua, anachukua begi jingine. Hili la sasa ni la nne, na muuzaji ameanza kuchoka naye.

“Kaka, unatafuta begi au unatafuta mchumba?” anamuuliza. “Hili zipu nzima, mgongoni lina sponji, mishono haijaachia. Kasoro yake nini?”

Mteja anainama kama anayekagua mshono. Anaulizia rangi. Anaulizia kama linaingiza maji. Anazungukazunguka weee, mpaka anapoona maneno yamemwishia, ndipo anapunguza sauti.

“Lenye mkanda wa kiunoni huna?”

Mama anamkodolea macho, kisha anaangua kicheko mpaka kinyozi anatoa kichwa nje kuona kulikoni.

“Wewe? Wembe? Leo wewe ndiye wa kuniuliza mkanda?”

Uso unamshuka. Anajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba.

Wembe si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata getini, mlimani, ambako kwa miaka mingi amekuwa akibeba mahema, majiko na vyakula vya wageni wanaopanda kujifurahisha. Mzigo wa mpagazi mmoja ni kilo ishirini kwenye mizani, bila kuhesabu blanketi na nguo zake mwenyewe. Siku akipanda, nyumba yake hula siku mbili. Asipopanda, hana chake.

Getini kwao, mkanda wa kiunoni ni wa wageni. Mpagazi akipata begi lenye mkanda, huukata kabla hajapanda nalo.

“Mwanzoni ulikuwa woga tu,” anaeleza Wembe. “Tulisema ukiteleza kwenye korongo, begi liende peke yake, usiende nalo. Basi woga ukageuka maringo. Mtu akifunga mkanda tunamuuliza, ‘Pole mama, ni mimba ya miezi mingapi?’ Nani atakubali kuulizwa hivyo mbele za watu?”

Na aliyekuwa akiuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni yeye. Alitembea na wembe kwenye mfuko wa shati. Kila mgeni wa kazi alipelekwa kwake kama mtoto anayepelekwa kwa kinyozi, mkanda unakatwa, watu wanapiga makofi. Mikanda yenyewe ilikwenda majumbani kufungia mbuzi. Mtaani kwao wapo mbuzi waliofungwa kwa mikanda mizuri kuliko viatu vya wenye mbuzi.

Halafu akaja shemeji yake, mdogo wa mke wake. Alikuwa akifagia kwenye nyumba moja ya wageni, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia begi zuri, mkanda wake mpana, una sponji nene. Wembe ndiye aliyemtafutia kazi ya upagazi. Asubuhi yake ya kwanza getini, alimvua begi mgongoni na kuukata mkanda huku wenzake wakishangilia.

“Hakuniomba,” anasema, akitazama chini. “Nilitaka watu wacheke, wakacheka. Na yeye akacheka. Angefanyaje? Mimi ni mume wa dada yake, na kazi nimempa mimi.”

Msimu wa pili ulipokuwa ukielekea mwisho, mkono wa kulia wa shemeji ulianza kufa ganzi. Alidhani ameulalia vibaya. Siku moja kambini akanyoosha mkono achukue kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka, chai ikamwagikia miguuni. Hakuweza hata kukunja ngumi.

Hospitalini, daktari alimpapasa mabega na kueleza kwamba mikanda ya begi ya mabegani ilikuwa imebana mishipa ya fahamu kwa muda mrefu. Uzito wa begi, alisema, unatakiwa ukalie nyonga, mabega yasaidie tu. Kisha akauliza kama begi lilikuwa na mkanda wa kiunoni.

“Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, goti langu linagusana na lake,” anasimulia Wembe. “Nikatazama dirishani. Shemeji akajibu, ‘Hapana daktari, lilikuja hivyo hivyo.’”

Anakunja ngumi yake ya kulia na kuikunjua, kisha anaendelea.

“Alinisitiri. Kijana niliyemharibia mkono ndiye aliyenisitiri. Tangu siku ile naona haya hata kula naye sahani moja.”

Msimu mzima shemeji amekaa nyumbani, akifanya mazoezi ya kuminya kitambaa kilichokunjwa. Dada yake ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati, na mpaka leo anaamini ni maradhi yaliyojijia tu.

“Nikimwona anamfunga vifungo natoka nje. Nasema nakwenda kutazama mbuzi,” anasema Wembe. “Na mbuzi nimemfunga kwa ule ule mkanda.”

Sasa mkono umerudi, ingawa si kama zamani. Daktari amemruhusu shemeji kubeba mzigo mwepesi kuanzia Jumatatu, kwa sharti kwamba begi liwe linalomfaa. Shemeji akamwambia Wembe aende yeye akamchagulie, kwa kuwa ndiye anayejua mabegi. Wembe anasema maneno hayo yalimkata maini.

“Najua kuyaharibu. Kuyachagua nilikuwa sijui.”

Ilibidi akaulize kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kule kule hospitalini. Akaambiwa asitazame urefu wa mtu. Shemeji ni mrefu, lakini urefu wake wote uko miguuni, mgongo ni mfupi. Kinachopimwa ni kuanzia kifundo cha mfupa chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Wembe alimpima kwa uzi, akimdanganya kwamba fundi cherehani anataka kipimo cha koti.

Uzi huo anautoa mfukoni sasa na kuulaza kwenye mgongo wa begi, mbele ya muuzaji.

“Si langu,” anamwambia. “La shemeji. Yule wa mkono.”

Mama anaacha kucheka. Anainama chini ya meza, anafukua, anatoka na begi la kijani lililofifia, mkanda wake mpana bado uko imara.

“Hili nilikuwa nimelificha,” anasema. “Wapagazi wakiona mkanda wananipitia mbali, sababu yako.”

Wembe analipima kwa uzi, linalingana, kisha analijaribu. Anafunga mkanda kwanza juu ya mifupa ya nyonga, anaukaza, ndipo anavuta mikanda ya mabegani. Anapenyeza vidole kati ya mkanda na bega, vinapita bila shida. Mchanga ni ule ule, lakini mabega hayana kitu. Anasimama katikati ya njia, watu wanampita.

“Kumbe,” anasema.

“Kumbe nini, kaka?”

“Kumbe ni hivi.”

Macho yamemjaa machozi, na hajali tena kwamba kinyozi anamwona.

Nyumbani, shemeji analipokea begi kwa furaha. Analigeuza, analisifia, anafungua zipu zote kama mtoto. Kisha anaingia ndani na kurudi na kisu cha jikoni, mpini akiuelekeza kwa Wembe.

“Ukate tu mapema shemeji, kabla ya Jumatatu,” anasema. “Nisije nikakutia aibu kwa wenzako.”

Wembe hakipokei. Anakaa kizingitini. Anamwita mke wake, aliyekuwa akiosha vyombo uani, naye anakuja akijifuta mikono kwenye kanga.

“Mkono wa mdogo wako niliuharibu mimi,” anamwambia. “Begi lake lilikuwa na mkanda. Niliukata ili watu wacheke. Hospitali nikanyamaza. Nisameheni.”

Mke wake anamtazama, anamtazama mdogo wake, kisha anamtazama mbuzi pale uani. Anaingia ndani na kufunga mlango.

Wanaume wawili wanabaki nje na begi lao. Baada ya muda Wembe anamwonyesha shemeji mahali mkanda unapokaa, juu ya nyonga na si tumboni, na anamfunga kwa mikono yake mwenyewe.

Jumapili atapeleka begi lake kwa fundi viatu likashonewe mkanda. Jumatatu anataka awe wa kwanza kufika getini, ajifunge mbele ya wote, na awaeleze ni kwa nini shemeji yake hakuonekana msimu mzima.

“Watakucheka, shemeji,” anasema kijana, kwa sauti ya chini.

“Watacheka,” anajibu Wembe. “Mimi ndiye niliyewafundisha.”