Fundi na Miwani Iliyojaa Maji

Maji yalipomwingia puani kwa mara nyingine, Fundi alitema kipumulio akafyatuka kwenda juu kama chupa tupu iliyoachiwa. Alishika ukingo wa bwawa la kuogelea akakohoa mpaka macho yakamwiva. Wanafunzi wenzake wawili, vijana wenye vifua vipana, waliacha kuvaa mapezi ya miguuni wakamtazama.

"Mama, taratibu," mmoja akasema. "Tubakizie na sisi maji ya kujifunzia."

"Nimekunywa ya upande wangu tu. Ya kwenu yako palepale."

Walicheka, naye akajitahidi kutabasamu, bila kuachia ukingo.

Zoezi lenyewe lilikuwa la pumzi moja. Unapiga magoti chini ya maji, kipumulio kiko mdomoni kinakuletea hewa ya mtungi. Unainua kidogo ile miwani inayofunika macho na pua, unaiacha ijae maji. Kisha unaibana juu kwenye paji la uso na kupuliza kwa pua. Hewa inayasukuma maji yatoke kwa chini, unaona tena. Vijana wale walilimaliza siku ya kwanza. Mengine yote Fundi aliyaweza: kuogelea, kubeba mtungi, hata mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha, uliomkata kiunoni. Hilo moja ndilo lililomtoa jasho ndani ya maji. Maji yakishagusa pua, badala ya kupuliza, alivuta.

Mwalimu wao, ambaye kazini walimwita Kambale, alichuchumaa karibu yake.

"Mama yangu, tuishie hapa leo."

"Mvua zinaanza lini?"

"Mama..."

"Nimekuuliza mvua, mwanangu."

Kambale akaangalia mawingu kana kwamba yangemsaidia kujibu. "Si muda mrefu," akasema.

Hapo ndipo penye roho ya jambo zima. Kifungua mimba wa Fundi, Mungu amlaze pema, alikuwa mzamiaji kwenye lambo linalolisha mji maji. Kazi yake ilikuwa kusafisha chujio, zile nondo kubwa zilizo chini zinazozuia takataka zisiingie kwenye bomba. Kiangazi cha mwaka uliopita kamba yake ya usalama ilinasa kwenye nondo, na hakupanda tena. Aliyemtoa alikuwa Kambale, mwenzake wa kazi na rafiki yake. Kijana alizikwa vizuri, kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Lakini pale alipokatia pumzi yake ya mwisho mama mtu hakuwahi kupaona, na kwa kuwa hakupaona, alijitengenezea pake mwenyewe: giza, tope, na nondo kama meno. Kila alipofumba macho kusali, sala ilikwenda ikakwama pale pale. Alimwuliza Kambale ni mahali pa namna gani. Kambale akatazama viatu vyake.

Basi akaomba apelekwe. Ndugu walidhani amerukwa na akili. Msimamizi wa lambo, mtu mwenye huruma, alikubali kwa sharti moja: afuzu kuzamia kwanza, na iwe wakati huu ambapo milango ya bomba imefungwa kwa matengenezo, kabla mvua hazijachafua maji. Baada ya mvua chujio lile lingeng'olewa, likajengwa jipya upande mwingine. Asipopaona sasa, asingepaona tena.

"Mama," Kambale akasema kwa sauti ya chini, vijana wasisikie, "kule chini miwani ikijaa hakuna ukingo wa kushika. Tujaribu Jumamosi. Ikishindikana, nitakataa. Hata ukinilaani. Siwezi kumtoa mtu wa pili wa nyumba ile ile mahali pale pale."

Fundi alijua kijana anasema kweli.

Wote walishakubaliana kuhusu kinachomsumbua: uchungu. Mdogo wake, aliyemsindikiza kila siku na kukaa benchi akiwa na taulo, alisema uchungu ndio unaomkaba koo. Mchungaji alisema vivyo hivyo, akamwombea kwa kumwekea mikono. Fundi mwenyewe aliamini baya zaidi. Aliamini imani yake imepungua, kwamba mtu anayemtumaini Mungu asingeparamia ukingo kama paka aliyemwagiwa maji. Alifunga na kuomba. Alirudi bwawani, pua ikavuta tena.

Siku mbili kabla ya Jumamosi alikuwa kwenye chumba chake cha ushonaji akimpima mdogo wake sare ya kwaya. Mdogo mtu amesimama juu ya kigoda, Fundi yuko magotini chini anapanga pindo, safu ya pini imebanwa midomoni. Mdogo mtu alizungumza bila kituo, kama kawaida yake.

"Dada, si useme kitu? Au naongea na cherehani?"

"Mm-mm."

"Hizo pini zitakuua siku moja. Hivi hujawahi kumeza hata moja?"

Fundi akazitoa, akazichomeka kwenye kimto. "Mimi nimeze? Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzangu alimeza moja, akalazwa. Tangu siku hiyo mwalimu wetu alikuwa anatupiga kofi la mdomo. Ukiwa na kitu mdomoni, vuta kwa pua! Ukisahau, kofi. Vuta kwa pua! Mpaka leo, nikiwa na kitu mdomoni, hata uniamshe usingizini, mdomo hauvuti..."

Mkono ukabaki hewani, na tepu ya kupimia ikaning'inia.

"Dada? Umechomwa?"

Fundi alikaa kitako sakafuni akaanza kucheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mdogo wake akashuka kwenye kigoda haraka, sare ikiwa na pini nusu, akijua sasa kweli akili imeruka.

"Si uchungu," Fundi akasema akipangusa macho. "Na wala si imani. Ni pini! Miaka yote hii nimejifundisha kuvuta kwa pua kila nikibana kitu mdomoni. Halafu namlaumu Mungu na marehemu mwanangu!"

Mdogo mtu akakaa naye sakafuni. "Sasa tutafanyaje? Uache ushonaji?"

"Niifundishe pua kupuliza. Ila ni mbishi."

"Mbona inapuliza kila siku? Si unaimba nyimbo za kanisani mdomo umefungwa, unanikera nikiwa na usingizi?" Akakata uzi mwembamba, akaushika chini ya pua ya dada yake. "Hebu imba."

Fundi akafunga midomo akaguna wimbo wa kufungia ibada. Uzi ukaruka mbele, ukapepea, ukakataa kutulia mpaka alipofika mwisho wa ubeti.

Jioni ile na kesho yake duka lilifungwa mapema. Waliweka beseni la maji mezani. Fundi alibana mrija menoni, akatumbukiza uso, akavuta kwa mdomo na kuguna kwa pua. Mwanzo alimeza beseni nusu. Mdogo wake alimbana pua kwa kibanio cha nguo, kisha akakitoa, kisha akakirudisha, akimfokea kama yule mwalimu wa zamani: "Vuta kwa mdomo! Kwa mdomo, fundi gani wewe!"

Jumamosi, chini ya bwawa, Kambale alipomwashiria aivue miwani kabisa, vijana wale wawili ukingoni waliacha utani. Fundi akaivua. Maji yalimpiga usoni, pua ikawasha, ikataka. Akaguna. Mapovu yakapanda kutoka puani, akavuta kwa mdomo, akaguna tena, akaivaa miwani na kuimba mpaka maji yote yakatoka. Alipofungua macho alimwona Kambale amemnyooshea mikono yote miwili, huku mapovu yake mwenyewe yakipanda ovyo kama ya mtu anayecheka.

Lakini lambo halikuwa bwawa la kuogelea. Asubuhi waliyokwenda, maji yalikuwa ya kijani na baridi iliyopenya mpaka kwenye meno, na upande wa milima mawingu yalishaanza kujijenga. Walishuka wakifuata kamba. Nuru ikafifia. Fundi alisikia pumzi yake tu, ikivuma masikioni. Karibu na chini Kambale aligeuka ghafla kumtazama, pezi lake likampiga usoni, miwani ikahama na maji ya baridi yakajaa mara moja.

Hakuona kitu. Juu hakukujua, chini hakukujua, na pua ilikuwa tayari inafunguka. *Ndivyo alivyohisi mwanangu*, wazo likamjia, na miguu ikaanza kupiga maji yenyewe. Akashika kamba. Akabana miwani kwenye paji. Sauti ilipotoka haikuwa wimbo, ilikuwa mngurumo wa mtu aliyebeba mzigo, lakini hewa ilitoka nayo. Akavuta kwa mdomo. Akanguruma tena. Kijani kikarudi, na mkono wa Kambale ulikuwa umemshika bega.

Hapo mbele palikuwa na chujio. Nondo zilikuwa zimefunikwa majani laini ya maji, na mwanga wa jua ulishuka katikati yake kwa michirizi. Samaki wadogo walipita kuingia na kutoka, bila haraka. Kambale akagusa nondo moja, akaondoa mkono.

Fundi aliishika kwa mikono miwili. *Bwana*, aliomba moyoni, *alikuwa hapa, na Wewe ulikuwa hapa naye. Mpokee.* Sala ile ilikwenda, haikukwama.

Kambale akamwonyesha kipimo cha hewa, akainua dole gumba: tupande. Fundi akatikisa kichwa. Alidhani kushuka ndiyo kazi. Hakujua kwamba mikono ingekataa kuiachia nondo. Kambale akaonyesha tena. Sindano ya kipimo ilikuwa inashuka. Hakumvuta, alikaa tu mbele yake. Ndipo Fundi alipomtazama usoni, nyuma ya kioo, akaona kijana amefumba macho kwa nguvu, na mabega yanatetemeka. Naye hakuwahi kurudi hapa tangu siku ile.

Fundi akaachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Akamshika Kambale kiganja, kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara, na yeye ndiye aliyeinua dole gumba.

Walipoibuka, mdogo wake alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake, maji yamemfika magotini, taulo juu ya kichwa.

"Umeona nini, dada? Kukoje?"

"Kuna mwanga," Fundi akasema. "Taulo mpe kwanza huyu mtoto. Anatetemeka."