Kunde Katikati ya Mahindi

Walimwita Mama Kunde kwa kumcheka, naye akaitika tu, maana jina halikumuuma. Tangu aolewe hajapanda mahindi peke yake hata msimu mmoja. Katikati ya mistari hupitisha kunde, zifunike udongo na kuilisha nyumba wakati mahindi bado machanga. Mwaka aliofiwa na mume, mvua ilikatika mahindi yakichanua, yakakauka yote. Ni kunde zilizowavusha yeye na wanawe. Kwa hiyo usimguse hapo.

Sasa serikali ikatangaza ruzuku kwa wakulima wa mahindi, ila kwa sharti: shamba liwe la mahindi matupu. Atakayekutwa amechanganya hapati hata senti. Na Mama Kunde fedha hiyo aliihitaji kweli, si mchezo. Mama mkwe wake alikuwa amelala mgonjwa katika chumba ambacho paa lake lilishageuka chujio, na Mama Kunde alikuwa amemwahidi bati jipya.

Asubuhi ya ukaguzi akaja wifi yake, jembe begani. Huyu kwake alishang'oa kunde zote.

"Wifi, bado hujaanza? Bwana shamba yuko kwa jirani hapo!"

"Nianze nini? Kunde zimeshika maua."

"Maua utaezekea nyumba? Mama yangu analowa mle ndani, we unabembeleza majani!"

Hilo lilimchoma. Akainama, akashika shina moja, akalivuta kidogo. Mizizi ikagoma. Akaliachia, akalishindilia udongo kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Sing'oi," akasema.

Bwana shamba akafika, kijana mpole, viatu vimejaa matope. Akatazama, akaguna.

"Mama, umeniweka pabaya. Lakini kule juu naona kunde hazijaota. Simama pale nikupige picha, mambo yaishe."

"Na hizi za huku tuzifiche wapi, mwanangu? Mfukoni mwako?"

Wifi akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akanuna tena. "Simama, wifi. Picha tu hiyo!"

"Nilimwomba Mungu mvua, akanipa. Nikamwomba ziote, zikaota. Leo nisimame mbele yake niseme sizijui?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Siku mahindi yakikauka, mwanangu, hao waliotunga sharti watakuja kunipikia?"

Kijana akafungua daftari. "Basi itabidi niandike kwamba shamba lako halifai."

"Shamba linafaa. Andika kwamba mwenyewe amekataa kung'oa chakula. Andika hivyohivyo, wasome huko waliko. Na mwakani uje tena, utazikuta."

Akaandika akiwa amesimama, akamsomea neno kwa neno, naye akatikisa kichwa kukubali. Ruzuku ikawa imekwenda hivyo. Kijana akaaga kwa adabu, akashika njia ya shamba linalofuata.

Wifi alibaki pale machozi yanamlengalenga. "Na mama je? Niambie basi, mama je?"

"Mama leo anahamia chumbani kwangu, kwenye kitanda changu. Huko kwenye matone nitalala mimi mpaka nivune."

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu!"

"Ninacho, wifi. Haya, toa mguu, umekanyaga kunde."