Rangi Zangu Kwenye Kompyuta ya Zamu

Bluu ndiyo iliyonitoroka kwanza. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mshipa wa nyuma ya jicho unakufa taratibu na miwani haitasaidia, nikamchukia kwa huo upole wake. Mke wangu, aliyebaki kijijini kwetu Masaki na mihogo yetu, alisema nirudi nyumbani wakati bado naiona njia. Nilimjibu vibaya. Nirudi kufanya nini, kupapasa mihogo?

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Katika kiwanda cha mabomba ya plastiki kule Zegereni, kila mashine huandika habari zake kwenye faili refu: saa, joto, kasi, hitilafu. Sisi wa chumba cha zamu tulilifungua faili hilo kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta lisilo na picha wala vitufe, unaandika amri tu. Programu ya kulisomea iliyapaka maneno rangi: saa bluu, joto kijani, hitilafu nyekundu. Mwenye macho alitupa jicho mara moja akajua mashine zinaendaje. Mimi pale penye bluu niliona shimo.

Basi nikajifunza kuzibadili. Programu ile husoma kafaili kadogo ka mipangilio, na ukiandika humo rangi uitakayo, inatii bila maswali. Bluu nikaifanya nyeupe. Kijani kilipofifia, nacho nikakifanya cheupe. Nyekundu ilipoanza kuzama, hitilafu nikazipa njano. Kwa wiki kadhaa nilijiona fundi, hata mluzi nilipiga. Lakini nilikuwa nahama chumba hadi chumba ndani ya nyumba inayobomoka, na vyumba vilikuwa vinakwisha.

Shida ni kwamba zamu zote tulitumia akaunti moja. Paswedi ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa ukutani, kwa sababu kuomba akaunti yako mwenyewe kulihitaji barua, na barua ilihitaji mtu wa kuifuatilia Dar. Kwa hiyo rangi zangu zikawa za wote. Hakuna aliyeuliza. Pale kwetu kitu kikibadilika watu husema kimetoka juu, wanakizoea. Nami nilinyamaza, maana kueleza rangi kungekuwa kueleza macho, na mwenye macho mabovu hawekwi chumba cha zamu.

Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mama wa watoto wawili, mwepesi wa kazi kuliko mimi. Alishazoea kwamba njano ni hitilafu. Asubuhi moja, kabla hajafika, nikabadili tena. Ule weupe mwingi ulikuwa unanichoma macho, kwa hiyo mistari yote ya kawaida nikaipa njano, na hitilafu, ambazo ni chache, nikazipa nyeupe. Nikatoka kwenda kunywa chai bila kumwachia hata ujumbe.

Aliingia, akakuta skrini nzima ni njano, akazima mashine zote. Kwa alichokijua, alifanya sawasawa. Plastiki ya moto ikaganda ndani ya mashine, na mafundi wakaanza kuichokonoa kwa patasi.

Msimamizi alikuja amefura. Dirisha lile hakuwahi kulisoma maishani mwake. Dada akamweleza kuhusu njano, naye akanigeukia kuuliza nani kachezea rangi. Nikasema labda ni mfumo. Niliona aibu wakati ulimi bado unalisema, lakini nililisema. Akaniamuru nizirudishe rangi za zamani hapo hapo. Nikafuta kafaili kangu, nikafungua upya lile faili la mashine, na mbele yangu pakawa peusi.

"Soma mstari wa mwisho," akasema, "nijue imekaa sawa."

Sikuona mstari wowote. Nikakisia.

"Joto la kawaida."

Akamuuliza dada kama ni kweli. Dada akainama, akasoma. Nadhani aliniangalia. Uso wake kwangu ulikuwa ukungu.

"Ndiyo, bosi," akasema. "Joto la kawaida."

Kisha msimamizi akamwambia akusanye vitu vyake, mkataba wake hautaongezwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo muda wote aliokuwa akikunja kanga yake na kutafuta kikombe chake, na muda huo haukuwa mfupi. Aliniaga kwa heshima kama kawaida yake, nikaitikia.

Alipotoka nilisogeza uso hadi pua ikagusa kioo, nikausoma ule mstari wa mwisho herufi moja moja. Ulisema mashine zimezimwa. Neno joto halikuwemo. Nikasikia bodaboda ikiondoka getini, nami sikunyanyuka.