Mwaka Nilipofungwa Kamba Kiunoni

Juzi niliingia katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Songea kununua misumari ya bati. Muuzaji ndiyo kwanza alikuwa anafungua robota la kamba mpya za katani, na harufu yake ikanifikia kabla hata sijasalimia: harufu ya majani makavu yaliyochanganyika na mafuta ya mashine, kali kidogo, inayoingia puani na kubaki humo. Nilisimama mlangoni, vidole vyangu vimejikunja vyenyewe.

"Mama, unajisikia vibaya?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nipe misumari. Ningemwelezaje, na wateja wamempangia foleni? Nyinyi nitawaeleza, maana hamna haraka.

Nilisoma shule ya msingi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lundo, enzi ambazo kule ziwani kote kulikuwa bado ni Wilaya ya Mbinga. Kila mwaka shule zilikutana kwa michezo. Wavulana walikuwa na mpira wao, sisi wasichana tulikuwa na netiboli na kuvuta kamba. Netiboli sikuchaguliwa. Kwenye kamba niliingizwa kwa sababu kuna msichana aliugua surua na Mwalimu Kapinga alihitaji mtu wa kujaza nafasi. Nilikuwa mwembamba mno. Bibi yangu aliniita Njiti, na alikuwa akisema nikisimama kiubavu inabidi nikohoe ndipo watu wajue nipo.

Mwaka ule wa kwanza tulipanda kwenda Mbinga tukiwa tumeshinda tayari, vichwani mwetu. Sisi tulikuwa watoto wa ziwa. Tangu tujue kutembea tulisaidia kuvuta nyavu ufukweni, mikono yetu ilikuwa na sugu kama ya watu wazima. Halafu tulikuwa na Tekla wa darasa la saba, binti mwenye mgongo mpana kama mlango wa kanisa. Tekla ndiye alikuwa nanga yetu, yaani mtu wa mwisho, yule anayefungwa ncha ya kamba kiunoni ili wenzake wasipeperuke. Na tulipoambiwa tunaanza na wasichana wa kutoka Ukata, kule milimani, tuliwachungulia tukacheka. Walikuwa wafupi, wamejifunika masweta, wanakula maharage kimya kimya kama watu waliofiwa.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa baridi. Nilitoka asubuhi katika darasa tulilolala nikaona moshi unatoka mdomoni mwangu. Nilipiga kelele. Nilidhani ninaungua kwa ndani. Mwalimu Kapinga, ambaye alizaliwa huko huko milimani, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mshtuko wa pili ulikuja uwanjani, na huo haukumchekesha mtu.

Tulishika kamba. Mwamuzi akapuliza filimbi. Sijui niseme nini zaidi, kwa sababu hakukuwa na zaidi. Nilikuwa nimevuta pumzi nianze kuvuta, na kabla sijaitoa miguu yangu haikuwa chini. Wale wafupi wa Ukata walikuwa wamezamisha visigino ardhini, wakalala nyuma kwa pamoja kama ukuta unaoanguka, na sisi tukatoka mzima mzima. Wenzangu wakaachia mmoja mmoja. Tekla naye alikuwa ameilegeza ncha yake kiunoni kwa dharau, ikamchomoka. Mimi sikuachia. Nilianguka kifudifudi na kamba ikaondoka na mimi. Niliona majani yanapita karibu na macho yangu, nikaona mstari wa chokaa unakuja, ukapita chini ya kidevu changu, na bado ninakwenda. Wale wasichana hawakujua kwamba kuna mtu amebaki kwenye kamba. Walikuwa wanarudi kinyumenyume wakiimba.

Niliposimama, yaani kamba iliposimama, uwanja mzima ulikuwa kimya. Halafu kicheko kikaanza upande mmoja, kikazunguka. Sketi ilikuwa imechanika, tumbo na viwiko vimechunika, mdomoni nina udongo mwekundu wa Mbinga. Mwalimu Kapinga alikuja akapiga magoti, akanifungua vidole kimoja kimoja kama mtu anayemenya njugu.

"Oliva, mbona hukuachia?"

Nilitaka kuachia. Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba vidole havikunisikia.

Tulirudi nyumbani hatusemeshani. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi huku akiuliza, mara ya tatu sasa, kama kweli walioniburuta walikuwa watoto wenzangu. Baba alirudi kesho yake kutoka katika safari zake za kupeleka dagaa milimani. Aliniangalia viwiko, akaniambia pole, akatoka nje. Nilijua nimemtia aibu. Kijijini habari zilikuwa zimeshasambaa, na wavulana walikuwa wakinipita wakiimba, "Jembe la Ukata, linalima uwanja!"

Niliapa sitaigusa kamba tena. Lakini wiki iliyofuata Mwalimu Kapinga alituita ufukweni, kwenye lile jiwe kubwa lililoingia nusu majini, akalizungushia kamba na kutuambia tuvute.

"Mwalimu, hili halitoki," Tekla akasema.

"Nani amesema litoke? Vuteni."

Basi tukawa tunavuta jiwe. Kila jioni, isipokuwa Jumapili. Alitufundisha kukaa chini, kulala nyuma, kuchimba kwa kisigino. "Kamba haivutwi kwa mikono," alikuwa akisema. "Mikono ni kulabu tu. Kamba inavutwa na visigino. Nyinyi mmezoea mchanga na maji. Wale wenzenu wanalima ngoro, yale mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, kwenye miteremko tangu wadogo, kisigino kikikosea unajikuta bondeni." Akina mama waliokuja kuchota maji waliweka ndoo chini kutuangalia. "Maskini," walisema. "Wameshindwa na watoto, sasa wanagombana na jiwe."

Jiwe halikusogea hata siku moja. Sisi ndio tulisogea, polepole, bila kujiona. Mwanzoni tulichoka kabla Mwalimu hajamaliza kuimba ubeti mmoja wa wimbo. Baadaye alikuwa anaimba wimbo wote, anaanza mwingine, na bado tumelala nyuma, mapaja yanatetemeka, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Mwaka uliofuata mashindano yakaja kufanyika kwetu ziwani, Mbamba Bay. Tekla alikuwa amemaliza shule na kwenda kwa shangazi yake, na nafasi ya nanga ilikuwa wazi. Mwalimu alitupanga mstari, akapita mbele yetu, akasimama kwangu.

"Nanga ni Oliva."

Wote walicheka, nami nilicheka nao. Kisha nikaona Mwalimu hacheki, nikaacha. Njiti! Niliona wasichana wawili wanene kuliko mimi wakiinamisha macho kana kwamba wamenusurika na jambo. Sikujiuliza kwa nini. Nilienda nyumbani nikiruka. Nilichaguliwa! Mwalimu ameona kitu ndani yangu! Nilimwambia baba, naye akasema, "Haya," akaendelea kula.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukaanga. Mwalimu alinizungushia gunia kiunoni, akapitisha kamba juu yake, akafunga. Mama alikuwa ameketi mbele kabisa na akina mama wenzake wa kanisani. Nilimtafuta baba kwa macho pande zote za uwanja. Hakuwepo. Mama alinipungia mkono, nami nikajifanya sikuona.

Wapinzani wetu walikuwa walewale wa Ukata. Safari hii jua lilikuwa linawaunguza wao, masweta wameyavua, lakini visigino vilikuwa vilevile. Filimbi ikalia, nikasikia kiuno kinakatika vipande viwili. Hakuna aliyekwenda popote. Kamba ilisimama hewani ikilia kama mlango mbovu, mchanga unajaa vidoleni, mbele yangu migongo ya wenzangu imelowa. Halafu tukaanza kuteleza. Kidogo. Kidogo tena. Niliuona mstari wa chokaa unakuja na nikajua, kama mtu anavyojua kwamba anaota ndoto ileile, kinachofuata.

"Jiwe!" Mwalimu akapiga kelele kutoka pembeni. "Oliva, wewe ni jiwe!"

Nilizamisha visigino, nikafumba macho, nikalala. Sikuvuta. Naapa sikuvuta. Nilikataa tu. Nikasikia kamba imesimama, imekaa, imekaa, jasho linaingia masikioni, halafu ghafla hakukuwa na uzito wowote duniani nami nikaanguka chali, wenzangu wakaniangukia juu. Pumzi zilikata. Nilikuwa ninaangalia mbingu, nikaanza kulia.

"Wametuburuta tena?" nilimuuliza aliyenilalia kifuani.

"Tumewaburuta!" akanipigia kelele puani. "Oliva, tumewaburuta sisi!"

Sikuamini. Nilishtuka kuliko ule mwaka wa kuburutwa. Mvuto wa pili tuliwashinda pia, kwa tabu ileile. Nanga wao, msichana mwenye meno ya mwanya, alikuja akanipa mkono, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ni wewe. Mwaka jana tulidhani umekufa." Mchana wake tulishindwa na shule nyingine, lakini tulivutwa tukiwa wima, tukapigiwa makofi, na jioni mama alinikaangia samaki mbasa mzima peke yangu. Baba alirudi kutoka shamba jua limezama. Alisikia habari kutoka kwa mama, akasema, "Vizuri," akanawa, akala. Nililala na furaha yangu na mwiba wake ndani.

Mwiba huo niliishi nao miaka mingi. Nilipofeli mtihani wa kidato cha nne nikarudia, nilipokimbiwa na mume nikiwa na mtoto mgongoni, nilijiambia: uliwahi kuzuia kamba, zuia na hii. Na kila mara niliongeza moyoni: tena ulizuia bila baba yako kuwepo.

Mwaka jana tulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mtoto wa mdogo wangu, kule Mbamba Bay. Mwalimu Kapinga alialikwa. Amestaafu, anatembea na fimbo, lakini sauti ni ileile.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, jiwe langu."

Nilikaa karibu naye nikamshukuru. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyaweka miaka yote, kwamba aliona kitu ndani yangu ambacho mimi mwenyewe sikukiona. Alinisikiliza akitafuna, akameza, kisha akacheka kile kicheko cha kushika ukuta.

"Mwanangu, usinipe sifa ya bure. Mimi nilimtaka yule binti mnene, nani yule, wa mwenye mashine ya kusaga. Nilikwenda kwao kuomba ruhusa. Wakanifukuza. Wakasema msichana akifungwa kamba kiunoni hatazaa. Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu, hivyohivyo. Nyumba zote nilizokwenda zilinikatalia. Kwenu nilifika kwa kukata tamaa tu, na baba yako akakubali."

"Baba?"

"Aliniambia, 'Mfunge huyo. Huyo haachii, nimemwona. Akishika kwa mikono tu atachunika peke yake. Ukimfunga nyuma, akiburutwa waburutwe wote.'"

"Aliniona wapi?"

Mwalimu aliacha kutafuna. "Hukuambiwa? Alikuwa Mbinga siku ile. Nilimwona nyuma ya watu."

Chakula kilinishinda. Asubuhi yake nilimkuta baba uani kwake, anachonga mpini wa jembe. Anaona kwa jicho moja sasa. Nilimwamkia, nikaketi kwenye gogo, nikamuuliza moja kwa moja kama alikuwepo Mbinga.

"Nilikuwepo," akasema, bila kuinua kichwa. "Nilisikia sokoni kwamba watoto wa ziwani wanavuta. Nikaacha dagaa nikaja."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini?" Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Nilikuwa na kisu cha kufungulia magunia mkononi. Ulipoanza kuburutwa niliingia uwanjani nije nikate ile kamba. Mwalimu wako akanitangulia. Nikasimama pale na kisu, watu wananitazama. Nikarudi sokoni."

Yeye akaendelea kuchonga, kisha akasema, kama mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa:

"Mbamba Bay sikuweza. Kukuruhusu niliweza. Kuangalia, hapana. Nilikwenda shamba nikalima mpaka giza. Kesho yake mama yako akaniuliza ni nani aliyeng'oa mihogo michanga mistari mizima. Nikamwambia nguruwe pori."

Alicheka kidogo, nami nikacheka, huku machozi yananitoka, kwa sababu ile mihogo naikumbuka. Mwaka ule tulilalamikia nguruwe pori nyumba nzima.

Nikiwa mtoto niliamini kwamba ujasiri ni wa yule aliye kwenye kamba. Wazazi wengine walikataa kwa kuwapenda watoto wao, siwalaumu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeniona nikilima uwanja kwa kidevu, akajua vizuri kuliko wote kitakachonipata, na bado akasema mfunge. Kisha akaenda kuzuia uzito wake peke yake, mahali ambapo hapakuwa na mwamuzi wala makofi.

Mwezi ujao binti yangu anakimbia mbio ndefu katika mashindano ya shule. Mwaka jana alianguka katikati ya njia akabebwa. Ameniuliza kama nitakuja. Nimemjibu nitakuja, tena nimemjibu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Kisha nimechukua jembe, nimetoka uani, nikapalilia kitalu ambacho hakikuwa na jani moja la magugu.