Boi

Nguo ikiungua kwa pasi, harufu ile hunirudisha nyumbani Sori, kwa baba. Ndiye mwanamume pekee pale aliyejua kupiga pasi. Alijifunza alipokuwa mpishi wa Wazungu.

Siku moja alikuwa akininyooshea shati la shule, nami nikimsomea riwaya ya Kiingereza huku nikimtafsiria. "Mtoto akamwaga chai. Memsahibu akamzaba mtoto kofi."

"Huyo mtoto, kwa Kizungu wanamwitaje?"

"Boi."

"Basi si mtoto huyo, mwanangu," baba akasema. "Hata mimi waliniita boi. Siku nilipozabwa mimi, wewe ulikuwa umeshaanza kutembea. Ulikuwa mlangoni, ukaona. Wewe ndiye uliyelia."

Pasi ya makaa ilikuwa imetulia juu ya shati. Moshi ukapanda, na kati yetu hakuna aliyeiinua.